Nani Amshike Mtoto?

Ndugu mwenyekiti, walimu wa mazoezi, viongozi wa vilabu, maafisa wa michezo na wa afya, wazazi mliofika na watoto wenu, habari za asubuhi.

Naomba nianze na waliokaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nawaona. Mmechagua viti hivyo ili mtoto akianza kulia mtoke upesi, msisumbue watu. Leo msitoke. Mtoto akilia, mimi nitapaza sauti. Akitaka kutambaa, hapa mbele imetandikwa mikeka na sakafu imesafishwa. Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani, na sitaki kuyafanya mkiwa mmesimama nje.

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miezi mitano, nilisoma tangazo la darasa la mazoezi lililosema wazazi wote wanakaribishwa. Nilifurahi mno. Mgongo ulikuwa unauma, usingizi haunitoshi, na kwa wiki nyingi sikuwa nimezungumza na mtu mzima yeyote zaidi ya wale wa nyumbani. Safari ile niliipanga kwa siku mbili: atanyonya saa ngapi, atalala saa ngapi, nepi ngapi, nguo za akiba ngapi. Nilipofika nikakuta ukumbi uko ghorofani na njia ni ngazi tupu. Nikakikunja kigari, mtoto begani, mfuko mgongoni, nikapanda. Mlangoni mhudumu aliniangalia kwa huruma ya kweli, akaniuliza, “Huyu mtoto nani atamshika?” Nikamwambia nimekuja naye, mbona tangazo linasema wazazi. Akajibu, “Wazazi ndiyo. Watoto hawaingii.”

Sikugombana naye. Nilikaa kwenye ngazi nikamnyonyesha mtoto huku nikisikia muziki na sauti ya mwalimu akihesabu. Kisha nikashuka. Sikukanyaga tena darasa lolote la mazoezi kwa karibu miaka miwili.

Lililoniuma zaidi lilinijia njiani nikirudi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha mazoezi miaka sita. Katika miaka yote hiyo, wanawake walikuja darasani kwangu, wakapata ujauzito, wakatoweka. Nilidhani wameamua kupumzika. Wengine, nakiri, niliwadhania kuwa hamu imewaisha. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nawatandikia wenzangu kitanda hicho miaka sita bila kukilalia hata usiku mmoja.

Tangu siku ile, nikiichukua ratiba ya programu yoyote ya mazoezi, namwona mtu aliyekuwa akilini mwa mpangaji. Ni mtu mwenye mikono mitupu. Anaweza kufika saa aliyoambiwa, akapanda ngazi, akakaa saa nzima bila kuitwa na mtu, akaoga, akaenda zake. Kila kitu kimepimwa kwa mwili wake: muda, mlango, sakafu, kanuni, hata kiwango cha kelele. Kisha tunaongeza mstari mmoja kwenye tangazo, “familia zinakaribishwa”, tukitumaini kwamba mstari huo utaifanya kazi ambayo jengo na ratiba vimekataa kuifanya. Ombi langu kwenu leo ni dogo kulisema, kubwa kulitekeleza: swali la yule mhudumu tuliulize sisi, tuliulize mapema, wakati programu bado iko kwenye karatasi. Nani amshike mtoto?

Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha shughuli za mwili kinachopendekezwa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 34, kwa wanaume 29. Sisemi tofauti hiyo yote inaletwa na kulea watoto wadogo. Sababu ni nyingi. Lakini kila mwalimu aliye humu anaijua ile miaka ambayo majina ya wanawake hupungua kwenye daftari lake la mahudhurio, na anajua kuwa mengi hayarudi.

Kiwango chenyewe ni kipi? Kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, ile inayokufanya uhema kidogo lakini bado unaweza kuzungumza. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unawataja pia wajawazito na waliojifungua: angalau dakika 150 kwa wiki, pale ambapo hakuna kizuizi cha kiafya. Ugawe muda huo kwa siku saba, unapata dakika ishirini na kitu. Na mwongozo huohuo uliondoa sharti la zamani lililotaka kila kipande cha shughuli kidumu angalau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Siku hizi dakika nne zinahesabiwa. Dakika tatu zinahesabiwa.

Nalirudia hili kwa sababu natamani kila mzazi wa mtoto mdogo alisikie, na kila mwalimu alifanyie kazi. Mama akifanya dakika sita, mtoto akalia, akamnyonyesha dakika kumi, akarudi akafanya dakika nane, hajaharibu kipindi. Amefanya dakika kumi na nne. Mwili umezipokea zote. Tunaoharibu ni sisi, tunapomtazama kwa jicho la kumwambia amechelewesha wenzake, au tunapopanga zoezi linalojengwa ngazi kwa ngazi kiasi kwamba aliyetoka katikati hawezi kuingia tena.

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Makondakta, ambao kutwa nzima walipanda na kushuka ngazi za basi, waliugua moyo mara chache kuliko madereva waliokaa. Hakuna kati yao aliyevaa viatu vya michezo. Ninapokutana na mzazi anayeniambia “mimi sifanyi mazoezi kabisa” huku kambeba mtoto wa kilo kumi na mbili, humwomba kwanza aniambie siku yake ilivyokwenda. Mara nyingi tunakuta pa kuanzia, na mahali hapo ni palepale alipo.

Sasa tuwatazame watoto wenyewe, kwani wao pia ni washiriki, hata kama tumezoea kuwahesabu kama mizigo iliyokuja na mzazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto mchanga ambaye hajafikisha mwaka anatakiwa achezeshwe mara nyingi kwa siku; ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku. Mwenye mwaka 1 hadi 2 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, za kila namna na kila nguvu. Mwenye miaka 3 hadi 4 anahitaji dakika hizohizo 180, na angalau 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho.

Mwalimu anayesikia dakika 180 kwa mara ya kwanza hushtuka. Anaona saa tatu za darasa. Hapana. Ni kutembea hadi dukani, kupanda kiti, kukimbiza mpira, kuruka dimbwi, kucheza muziki unapolia, vyote vimetawanyika tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna programu itakayompa mtoto muda wote huo, wala haitakiwi. Kazi ya kipindi chetu cha dakika arobaini ni kumfanya mzazi aondoke na michezo miwili mitatu anayoweza kuirudia nyumbani bila kifaa chochote, akiwa na uhakika kwamba mtoto haumii.

Mwongozo huo una sentensi moja inayotuhusu sisi waandaaji moja kwa moja. Unasema mtoto mdogo asifungwe sehemu moja, kama vile kwenye kigari, kiti kirefu au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 kwa wakati mmoja. Nimeona madarasa ya wazazi wenye vigari, mazuri kwa nia, yanayodumu dakika 75, na ukijumlisha safari ya kuja na kurudi mtoto amefungwa mikanda saa mbili na nusu. Mzazi ametimiza mazoezi yake, mtoto amenyimwa yake. Tiba yake haina gharama. Katikati ya kipindi simamisha vigari, tandika mikeka, wafungueni watoto, walazwe kifudifudi au waachwe watambae, na wazazi waendelee na zoezi la sakafuni wakitazamana nao uso kwa uso. Mtoto anayejifunza kuinua kichwa huku uso wa mama uko mbele yake hafanyi jambo dogo. Ni mazoezi magumu kuliko yote yanayofanyika ukumbini saa hiyo.

Nizungumze kuhusu saa, maana hapa ndipo programu nyingi hufia.

Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14. Wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Ziweke saa hizo kwenye ratiba ya siku kisha utazame kilichobaki. Madarasa yetu mengi ya watu wazima tumeyaweka saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku kwa sababu ndiyo saa watu wanatoka kazini. Nyumbani kwenye mtoto mdogo hiyo ni saa ya kuogesha, kulisha, kubembeleza na kulaza. Hakuna saa ngumu kuliko hiyo. Mzazi aliye peke yake hawezi kabisa kutoka, na walio wawili hubaki mmoja.

Kwa hiyo madarasa yahamie asubuhi? Watu wengi hunijibu hivyo, na ni nusu ya jibu. Saa tatu hadi saa nne asubuhi huwafaa wengi wanaoshinda nyumbani na mtoto. Haimfai mzazi anayefanya kazi, ambaye nafasi yake ni mwisho wa wiki na huenda saa kumi jioni, mtoto akishaamka. Wala hakuna saa moja itakayowafaa wote, kwa sababu usingizi wa mchana wa mtoto hubadilika kila baada ya miezi michache: leo analala mara tatu, kesho mara mbili, baadaye mara moja. Nilichojifunza ni kwamba muda wa kuingia una uzito kuliko muda wa kuanza. Fungua ukumbi kwa saa moja na nusu. Mwalimu arudie kipande kilekile cha dakika ishirini mara tatu ndani ya muda huo. Anayefika mwanzo apate, anayefika katikati apate, aliyekwama kwa sababu mtoto alijichafulia mlangoni naye apate. Walimu wengine hulalamika kwamba wanachoka kurudia. Ni kweli wanachoka. Lakini daftari la mahudhurio la madarasa ya namna hii hujaa majina yanayojirudia, na mimi hilo ndilo ninalolitazama kwanza.

Tukifika ukumbini, tuanzie nje. Kigari kinapita wapi? Kinaachwa wapi bila kuibiwa? Kama kuna ngazi, nani anashuka kusaidia kubeba? Je, kuna mahali pa kubadilishia nepi ambapo baba naye anaweza kuingia, au pako ndani ya choo cha wanawake tu? Kuna kiti cha kunyonyeshea, na kuna mtu yeyote atakayemkodolea macho anayenyonyesha papo hapo mkekani? Kuna maji? Mlango unajifunga wenyewe ili anayetembea asitokomee barabarani? Haya naambiwa ni mambo madogo. Kwa mtu mwenye mikono mitupu ni madogo kweli. Kwa mwenye mtoto, kila moja peke yake linatosha kumrudisha nyumbani.

Ndani ya ukumbi, punguzeni muziki. Masikio ya mchanga ni mapya, na mzazi anayeshindwa kumsikia mtoto wake hawezi kutulia. Vyuma vizito viwe upande mmoja na watoto upande mwingine, na katikati pawe na mtu anayetazama. Awe ni mtu mzima anayefahamika, aliyechunguzwa kabla ya kukabidhiwa watoto, ambaye siku hiyo hana kazi nyingine. Hili sitaki tulipunguze. Mahali ambapo watoto wanakusanyika panahitaji kanuni za ulinzi zilizoandikwa na zinazofuatwa, na mzazi ana haki ya kuzisoma kabla hajamwachia mtu mtoto wake.

Sasa naomba utulivu kidogo, maana nafika kwa mama aliyejifungua, na hapa nimeona madhara kwa macho yangu.

Mwanamke akirudi darasani wiki ya nane au ya kumi baada ya kujifungua, kwa nje anaonekana yuleyule. Ndani misuli ya tumbo inaweza kuwa bado imeachana katikati. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu, kizazi na haja kubwa, imenyooshwa kupita kiasi, na huenda imechanika. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda kilichopita kwenye tabaka kadhaa za mwili. Takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huvujwa na mkojo katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaa. Mmoja kati ya watatu! Darasani kwako kuna wanawake kumi na tano. Fanya hesabu mwenyewe. Wewe unapaza sauti “ruka juu, mara ishirini!” nao wanaruka huku wamebana mapaja, au wanajifanya wanafunga kamba ya kiatu. Wiki inayofuata hawaji. Hawatakuambia sababu, na wala hawana wajibu wa kukuambia.

Wataalamu wengi wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, hushauri mama asirudi kukimbia kabla ya miezi 3 tangu kujifungua, na hata hapo arudi polepole, akiwa hana maumivu, hahisi uzito ukishuka ukeni na havujwi. Kuvuja ni jambo la kawaida, maana linawapata wengi, lakini halipaswi kuachwa hivyohivyo. Linatibika, na mazoezi ya sakafu ya nyonga ndiyo tiba ya kwanza. Mwalimu si daktari. Anachoweza kufanya ni kuwa na zoezi mbadala kwa kila zoezi la kuruka, kulitangaza kwa watu wote bila kumnyooshea mtu kidole, na kuwa na namba ya mtaalamu anayeweza kumwelekeza mtu kwake. Tena mueleze mama anayenyonyesha, maana bado nasikia akitishwa na jamaa zake: mazoezi ya wastani hayapunguzi maziwa wala hayayaharibu. Anyonyeshe kabla ya kipindi kwa ajili ya starehe yake tu, ili matiti yasimlemee.

Na tusisahau moyo wake. Yapo majonzi yanayowapata akina mama baada ya kujifungua ambayo hayaponi kwa kuambiwa ajikaze. Kutembea na wenzake kunasaidia, ila kuna siku msaada wa kweli ni mwalimu kumshika mkono na kumpeleka kliniki.

Familia nyingi hazina mtoto mmoja. Hili hutuponyoka kwa sababu sisi hupanga kwa umri: wachanga Jumatatu, wa miaka mitatu Jumatano, wa shule Ijumaa. Ni mpangilio unaopendeza kwenye karatasi. Mwulize mama mwenye mchanga, wa miaka minne na wa miaka saba ataufuata vipi. Atawapeleka mara tatu kwa wiki, na kila mara wawili watakuwa wanamsubiri mmoja. Nimekaa kwenye mabenchi ya kusubiria. Mtoto mmoja anacheza, wenzake wamepewa simu watulie, mzazi ameketi saa nzima. Katika familia ya watu wanne, programu imemshughulisha mmoja na kuwakalisha watatu, halafu kwenye ripoti tunaandika kwamba tumeihudumia familia.

Kuna njia nyingine, na haihitaji ukumbi mpya. Tengenezeni mchezo mmoja wenye kazi tofauti. Njia ya vikwazo ambayo wa miaka saba anairuka, wa miaka minne anaipita chini kwa kutambaa, baba anaisukuma kwa mikono kama anasukuma ukuta, na mchanga yuko kifuani mwa mtu. Mchezo wa kubeba mizigo ambapo mtoto ndiye mzigo. Mpira unaoviringishwa duara, kila mtu akiwa amekaa, kisha amechuchumaa, kisha amesimama. Mtoto wa miaka saba anakuwa msaidizi wa mwalimu kwa dakika tano, na kwake hiyo ni furaha ya mwaka mzima. Nikiulizwa mafanikio niliyoyaona ambayo sitayasahau, ni kaka mmoja mdogo wa miaka sita akimfundisha dada yake kuruka kwa mguu mmoja, wazazi wote wawili wakijaribu na kuanguka, na mwalimu amenyamaza kando kwa sababu hakuwa na la kuongeza.

Nimetaja baba kwa makusudi. Kila mara ninaposema “mzazi” humu ndani, mawazo yanakimbilia kwa mama. Mkono mmoja haulei mwana. Baba akija na mtoto asipokewe kama mgeni wa ajabu wala kupigiwa makofi kwa kumbeba mtoto wake mwenyewe; apokewe kama mtu aliyekuja mazoezini. Bibi na babu nao ndio wanaoshinda na wajukuu katika nyumba nyingi, na magoti yao yanahitaji kuangaliwa sawa na ya mtu mwingine yeyote. Andikeni “mlezi” kwenye fomu zenu. Neno hilo lina nafasi ya wote.

Kuhusu ada nitasema kwa ufupi. Watoto wadogo huugua mara kwa mara, mafua yakipona kuhara kunaanza. Mfumo wa kulipia muhula mzima, usiorudisha kitu kwa siku ulizokosa, unaiadhibu familia kwa ugonjwa wa mtoto. Kanuni ya “ukikosa mara tatu unapoteza nafasi” ni mbaya zaidi. Acheni watu walipie siku waliyokuja, mtoto asihesabiwe kama kichwa kamili, na kadiri inavyowezekana kiwepo kipindi kimoja kwa wiki kisicholipiwa.

Hilo linawezekana, maana limeshafanywa kwa ukubwa. Mwaka 2004, katika bustani ya Bushy Park huko London, watu 13 walikimbia pamoja Jumamosi asubuhi. Leo mbio hizo, ziitwazo parkrun, zimeenea nchi nyingi, kilomita 5 kila wiki, bure, zikiendeshwa na watu wanaojitolea, na zipo pia za kilomita 2 kwa watoto wa miaka 4 hadi 14. Unaweza kuwa wa mwisho na bado kuna mtu aliyepangiwa kutembea nyuma yako. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu miaka ya 1970 hufunga barabara zake nyingi kwa magari kila Jumapili na siku za sikukuu, zaidi ya kilomita 100 zikabaki kwa baiskeli, miguu na vigari. Kigali ilianza siku yake isiyo na magari mwaka 2016. Yote matatu yana jambo moja ninalolipenda kwa ajili ya familia: unatoka mtoto anapochoka, na hakuna anayekuuliza kwa nini umeondoka.

Mtoto mwenye ulemavu asiwe sura ya mwisho ya mpango wenu, na naona haya kwamba hata mimi nimemfikia nikiwa nakaribia kumaliza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya kila mtoto ya kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unataka mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo sawa na wenzake. Mlezi wa mtoto huyu ameshafungiwa milango mingi kiasi kwamba hafiki tena kuuliza. Inabidi sisi tumfuate. Mpigieni simu kabla, mwulizeni mtoto wake anapenda nini na kinachomwogopesha ni nini, mwonyesheni ukumbi siku ambayo hauna watu. Nimeona mtoto aliyekuwa akiziba masikio kwa kelele akikaa darasani hadi mwisho kwa sababu tu mwalimu alizima muziki na kuhesabu kwa kupiga makofi laini. Watoto wengine wote walitulia pia.

Basi na tangazo lenyewe. Futeni “familia zinakaribishwa”. Andikeni: mtoto wa umri wowote anaingia ukumbini, hakuna ngazi, vigari vinaachwa ndani, unaweza kuchelewa, unaweza kunyonyesha popote, mtoto akilia hakuna anayejali, njoo na nguo ulizovaa. Mzazi akisoma hayo anajua kuwa aliyeyaandika amewahi kubeba mtoto, au amemsikiliza aliyembeba.

Ndugu zangu, kwenye kila meza kuna karatasi na kalamu. Kabla hatujaenda mapumziko naomba kila mmoja aandike ratiba ya programu yake ya wiki, kipindi kwa kipindi. Kando ya kila kipindi ajibu swali la yule mhudumu wa mlangoni: nani amshike mtoto? Jina la mtu, au kazi yake, au sehemu ya ukumbi. Palipo na jibu “sijui”, zungushia duara. Mapumziko ni ya nusu saa, na tukirudi tutaanza na miduara hiyo. Wazazi mliokaa nyuma, tafadhali zungukeni mezani na mzisome karatasi hizo. Mkiona jibu ambalo halitawezekana siku mko peke yenu na mtoto ana homa, liwekeeni duara ninyi. Chumba chenye faragha kiko mlango wa pili kushoto, na mikeka hii ya mbele haitaondolewa.